Fundi Sharti Alale Humo

Mwaka wa 1985, mwaka ule shule zilipoanza darasa la nane, Malindi ilijaa watoto waliozidi sare zao. Waliokuwa wakihesabu siku za kuvua kaptura za shule ya msingi waliambiwa warudi mwaka mmoja zaidi, na kaptura zenyewe zilikuwa zimekwisha kuwabana mapajani. Kwa wazazi ulikuwa msiba mdogo. Kwa Wangu, fundi wa nguo katika mtaa wa Barani, ilikuwa neema iliyoshuka bila kuombwa.

Wangu alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwanamke mrefu mwenye kicheko kilichomponyoka mahali pasipofaa: kanisani, matangani, hata siku aliyong'olewa jino. Alikuwa amepanga nyumba ndogo ya vyumba viwili iliyotenganishwa na ya jirani kwa ukuta mmoja tu. Chumba cha mbele aliweka cherehani ya miguu, meza ya kukatia na kioo. Cha nyuma kilijaa marobota ya vitambaa vya kijani na kijivu hadi dirishani. Kila siku alifika saa moja asubuhi, na kila siku saa kumi na moja unusu jioni alifunika cherehani kwa shuka, akapiga kufuli, akaondoka mbio. Mbio kwelikweli, viatu mkononi, maana saa kumi na mbili kamili Tata Jedida alikuwa akifunga mlango wa nyumba yake, na mlango ule ukishafungwa ulifunguliwa kwa maelezo marefu.

Tata ndivyo wanavyomwita shangazi huko kwao Nyeri, walikotoka wote wawili. Tata Jedida alikuja Malindi zamani pamoja na mumewe aliyekuwa karani. Mume akafa, yeye akabaki, akawa mwenyekiti wa kina mama kanisani, mtu ambaye hata mchungaji alimkwepa akiwa amechelewa. Kaka yake alipofariki alimchukua binti wa marehemu, Wangu, akiwa na miaka kumi na miwili tu. Akamlea, akampeleka kujifunza ushonaji, na mbele ya kaburi la kaka yake akaweka ahadi moja: mtoto huyu atatoka nyumbani kwangu siku ya harusi yake. Basi harusi ikachelewa. Wachumba wawili walikuja, wakanywa chai, wakaulizwa maswali na Tata, wasirudi. Ahadi ikabaki pale pale. Ndiyo maana Wangu, mtu mzima na fundi anayejulikana, hakuwahi hata siku moja kulala katika nyumba ambayo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake mwenyewe.

Hakulalamika. Tata alimpenda, naye alimpenda Tata. Lakini zilikuwapo siku za mchana wa joto, wateja wameadimika, alipokuwa akisimama katikati ya yale marobota ya chumba cha nyuma akijiuliza kitanda kingekaa upande gani.

Ilani ilibandikwa mlangoni siku ya Jumanne. Aliyeiona kwanza ni Kanze, jirani wa ng'ambo ya njia, mama wa Kigiriama mwenye watoto watano, na wote watano walivaa sare za Wangu.

"Wangu wee! Njoo uone, umebandikwa karatasi mlangoni!"

Wangu alitoka na futi ya kupimia shingoni, akasoma kwa sauti ili Kanze naye asikie. Ilisema kwamba nyumba ile imo katika mtaa uliotengwa kwa makazi, kwamba ndani yake inaendeshwa biashara bila idhini, na kwamba mhusika afike ofisi ya mipango ya baraza la mji katika muda wa siku saba, la sivyo biashara itafungwa.

"Nani amenichongea?" Wangu akauliza.

Kanze aligeuza macho tu hadi kwenye mlango wa jirani wa ukuta mmoja, Bwana Laban. Laban alikuwa mwoka mikate katika hoteli moja ya watalii. Alioka usiku kucha ili wageni waamke na mikate ya moto, kisha akaja kulala mchana, na kitanda chake kiliegemea ukuta ule ule ulioegemewa na cherehani.

"Mara tatu amegonga ukuta," Wangu akasema polepole. "Nami nikadhani anapigilia misumari ya kutundika picha!"

"Picha gani, mwenzangu, mtu mwenyewe hana hata pazia!" Kanze akasema, na hapo kicheko kikamponyoka Wangu, akacheka mbele ya ilani yake mwenyewe hadi akashika mlango.

Kesho yake alifunga mapema, akavaa gauni lake la Jumapili, akaenda barazani. Ofisi ya mipango ilikuwa chumba chenye kabati moja, mpiga taipu mmoja na mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi badala ya mkono wake wa kushoto. Huyo ndiye Bwana Masha, afisa aliyeweka saini kwenye ilani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti." Akavuta faili, akachovya macho ndani yake. "Naam. Nyumba ya Barani. Fundi ni nani?"

"Wangu."

"Ni wako, nimesikia. Lakini anaitwa nani?"

"Wangu."

Bwana Masha aliweka kalamu chini kwa upole wa mtu aliyezoea watu wagumu. "Mwanangu, sikunyang'anyi fundi wako. Nataka jina lake tu nilitie hapa."

"Ndilo hilo, mzee. Fundi ni mimi. Mimi ni Wangu."

"Wewe ni wangu?"

Mpiga taipu aliinamia mashine yake, mabega yakaanza kutikisika. Wangu aliuma midomo, akatazama dari, akafikiria mambo ya huzuni yote aliyoyajua, haikusaidia. Alicheka. Mzee akamtazama, akaitazama karatasi, akayarudia maneno kimoyomoyo, kisha naye akavua miwani akajifuta macho.

"Haya, binti Wangu," akasema walipotulia. "Tusome sheria." Akafungua kitabu kilichochakaa, akafuata mistari kwa kidole. "Barani ni mtaa wa makazi. Duka haliruhusiwi. Karakana hairuhusiwi. Kinu hakiruhusiwi. Lakini hapa chini pana neno. Kazi ya mkono yaweza kufanywa katika nyumba ya makazi, mradi isizidi chumba kimoja, pasiwekwe kibao barabarani, majirani wasisumbuliwe, na fundi sharti awe mkaazi wa nyumba hiyo." Akainua uso. "Wewe unakaa humo?"

"Hapana, mzee. Nakaa kwa shangazi yangu, kule nyuma ya soko. Hapa naja asubuhi, narudi jioni."

"Basi hapo ndipo ulipokosea."

"Kwamba nashona?"

"La, la. Kushona hukukatazwa. Umekosea kwa kwenda zako jioni. Baraza halitaki mtaa wa watu ugeuke mtaa wa makufuli, mwanangu. Magharibi ikiingia, kila nyumba iwe na taa na mwenyewe. Fundi sharti alale humo."

Kitu kilianza kumpanda Wangu kutoka miguuni, kama mtu anayeingia maji ya bahari taratibu na mawimbi yanamfika magotini, kiunoni.

"Hebu nisikie tena, mzee. Nikiendelea kulala kwa shangazi?"

"Utafunga."

"Na nikihamia?"

"Utashona."

"Yaani sheria ndiyo inayonitaka nikae peke yangu?"

"Peke yako au na mtu, hayo si ya baraza. Sheria inataka mkaazi." Akamtazama kwa makini. "Mbona machozi? Una shida ya kuhama?"

"Sina shida, mzee. Ni furaha, nami sijui niiweke wapi."

Bwana Masha, ambaye miaka yote aliyokaa katika kiti kile hakuwahi kumwona mtu akifurahia kifungu cha sheria, alikohoa kidogo. Akasema atampa siku kumi na nne ajipange, kisha atafika mwenyewe kukagua siku ya Jumatano, asubuhi.

"Naomba uniandikie hayo," Wangu akasema. "Yote. Na ukiweza, mzee, uyapige na muhuri."

Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Mara mbili aliitoa barua ndani ya bahasha, akaisoma njiani, akairudisha. Kwa mara ya kwanza maishani alifika kwa Tata kabla ya wakati, naye Tata akaingiwa na wasiwasi papo hapo.

"Unaumwa?"

"La, Tata. Nina barua kutoka barazani."

Tata Jedida aliwaheshimu Mungu na serikali kwa mpangilio huo, na serikali haikuwa mbali nyuma. Alikausha mikono, akavaa miwani, akaisoma barua akiwa amesimama. Kisha akakaa, akaisoma tena. Wangu aliitazama midomo ya shangazi yake ikilifikia lile neno: sharti awe mkaazi.

"Baraza limekosa kazi," Tata akasema hatimaye, "hata linaamua wasichana walale wapi?"

"Si wasichana, Tata. Mafundi."

"Basi hamishia cherehani hapa, ushonee sebuleni."

"Hapa ni nyumba za kanisa. Wewe mwenyewe ndiwe uliyemkataza mama mmoja kuuza maandazi, ukasema ua wa Bwana si soko."

Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemzibia Tata njia, naye alijua. "Nilimwahidi baba yako," akasema, sauti imeshuka.

"Najua, Tata. Nami sijakukimbia. Ni huko Barani tu, mwendo wa nusu saa. Nina miaka ishirini na tisa."

"Watu watasema nini?"

"Watasema nimehama."

Tata hakucheka. Aliikunja barua ilivyokunjwa awali, akamrudishia, akaenda kuchambua mchele. Siku tatu hakusema ila salamu na sala ya chakula. Siku ya nne, Jumamosi, Wangu alipotoka na sanduku la nguo, sufuria mbili na picha ya marehemu baba yake, Tata alikuwa amesimama dirishani, mgongo wake ukielekea mlangoni. "Nenda salama," akasema, hakugeuka.

Ilimuuma Wangu njia nzima hadi Barani. Lakini alipotia ufunguo kwenye kufuli, akaingia, akafunga mlango kwa ndani, mara ya kwanza tangu apange nyumba ile kuufunga kwa ndani, maumivu yalisogea upande, yakaipisha ile furaha.

Kanze alimletea kitanda cha kamba cha kuazima, wakakibeba wawili hadi chumba cha nyuma. Marobota yalihamishiwa mbele na kupangwa chini ya meza. Kitanda kiliwekwa chini ya dirisha. Wangu akakilalia, akainuka, akasema hapana, kiende ukutani. Kikaenda ukutani. Akasema miguu ikielekea mlangoni haipendezi. Kikageuzwa. Mara ya nne Kanze alikaa juu yake akakataa kushuka.

"Mwenzangu, kitanda si sindano ya dira! Kikae sasa!"

Kikakaa katikati ya chumba, kama jahazi lililokwama kwenye fungu la mchanga, na Wangu akaapa kwamba hapo ndipo alipokitaka siku zote.

Ikabaki habari ya Bwana Laban, kwa kuwa sheria ilisema majirani wasisumbuliwe. Jumapili alasiri, saa ambazo Laban alikuwa macho, Wangu alibisha hodi. Alitoka bwana mnene mwenye macho mekundu, umri wake umefika hamsini, unga bado umekaa kwenye nyusi.

"Bwana Laban, nimekuja kuomba radhi."

Laban alibabaika kuliko yeye. "Mimi ndiye niombe. Nilikwenda tu kuwauliza barazani kama kuna saa za kushona na saa za kunyamaza. Sikuwaambia wakufunge, haki ya Mungu! Ni vile cherehani ikianza, dada, naota nimelala relini. Kila siku naota treni. Sijawahi hata kupanda treni."

Wangu alijaribu kujizuia, akashindwa, na Laban alipoona anacheka akaanza kucheka pia, cheko zito la mtu asiyelala vya kutosha. Wakaingia pamoja, wakashika cherehani huku na huku, wakaivusha chumba hadi ukuta wa mbali, upande wa njia. Chini ya miguu yake Wangu akaweka gunia lililokunjwa mara nne. Laban akaenda kwake, akajilaza, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta: "Shona!"

Wangu akakanyaga. "Wasikia?"

"Nini?"

"Cherehani!"

"Sisikii cherehani! Nasikia wewe unavyopiga kelele!"

Wakapatana: asubuhi kazi ya mkono, vifungo na pindo, hadi saa nane mchana Laban amalize usingizi wake, na kuanzia hapo cherehani iende itakavyo. Kesho yake alfajiri, akitoka kazini, Laban aliacha mkate mlangoni pa Wangu, umefungwa kwa karatasi, bado moto.

Wangu aliula mkate ule akiwa amesimama, amevaa shimizi, saa moja na nusu, redio ikiimba. Hakuna aliyemwambia akae. Hakuna aliyemwambia ajifunike. Alikata kipande kinene kuliko kinavyopaswa, akapaka siagi pande zote mbili ili kuona mtu atasema nini, na hakuna aliyesema kitu. Siku ile alioga saa tano. Siku iliyofuata alipika wali wa nazi asubuhi na chai jioni. Alifua pazia akalitundika, akalishusha, akashona jingine la kitambaa cha maua, akatoka nje kulitazama kutoka njiani kama mpita njia, akaingia ndani kulitazama kama mwenyeji. Wateja waliokuja kupimwa walimkuta akiimba na sindano mdomoni. Mzee mmoja aliyeleta suruali alimwuliza Kanze kama fundi ameolewa.

"Amehama," Kanze akajibu.

Jumatano ya ukaguzi ikafika. Wangu alifagia mara tatu. Saa tatu Bwana Masha alitokeza na faili kwapani na futi ya chuma mkononi, akaamkiwa, akakaribishwa, akaanza kazi. Alimpa Kanze, aliyekuwa amevuka njia kuja kutazama, ncha moja ya futi aishike, akapima chumba cha mbele, akaandika. Akatazama barabarani kama kuna kibao, hakuna, akaandika. Akagonga ukuta wa Laban kwa kifundo cha kidole, na kutoka ndani sauti ya usingizi ikasema, "Hakuna shida, mzee!" Akaandika.

Kisha akaingia chumba cha nyuma, na hapo uso wake ukabadilika.

"Binti Wangu," akasema, "nimekagua nyumba nyingi. Watu hunitandikia vitanda ambavyo havijalaliwa na mtu, na nikitoka tu, kitanda nacho kinatoka. Hiki kiko katikati ya chumba. Nani huweka kitanda katikati ya chumba? Na jiko lako halina jivu. Sufuria zinang'aa. Hapa nyumba inaonyeshwa tu, haikaliwi."

Hapo mlio wa magurudumu ukakoma nje, na sauti aliyoijua Wangu kuliko zote ikaita: "Hodi! Wangu!"

Alikuwa Tata Jedida, katika vazi lake jeupe la kina mama wa kanisa, na nyuma yake mtu wa mkokoteni, mkokoteni mtupu. Aliingia bila kungoja karibu. "Nimesikia unapika ukiwa na shimizi, dirisha wazi," akasema. "Kina mama wananiuliza. Funga vitu vyako, mkokoteni uko nje. Nimekuja kukurudisha nyumbani."

Kalamu ya Bwana Masha ikasimama hewani.

"Shikamoo, mama," akasema kwa adabu, ingawa walilingana umri. "Nyumbani ni wapi?"

"Kwangu. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Masha, wa baraza. Ndimi niliyeandika ile barua. Sasa mama unasema makazi yake huyu ni kwako? Maana kama ni kwako, kazi yangu hapa imekwisha, nyumba hii nitaifunga leo."

Wangu hakumtazama Tata, aliogopa kumwomba kwa macho, alitazama sakafu. Bwana Masha akaongeza, si kwa ubaya, kama mtu anayesoma alichoandika: "Nami nilikwisha kuona. Jiko halina jivu, sufuria hazina doa. Hapa hakuna anayekaa."

"Umesemaje?" Tata akauliza.

"Nasema hapa hapakaliwi, mama. Jiko la mtu anayepika huwa na jivu."

Tata Jedida aliweka mkoba wake chini. "Bwana," akasema, "mtoto huyu nimemlea mimi. Jivu hatoliona mtu katika jiko lake, kwa sababu nimemfundisha kulitoa kabla jua halijapanda, tangu ana miaka kumi na miwili. Sufuria haina doa kwa sababu ikiwa na doa nilikuwa nikimrudisha aisugue tena kwa mchanga. Wewe unaita hayo maonyesho? Hayo ni malezi!" Akapita mbele yake, akafunua chungu pembeni. "Haya, na hii? Mahindi na maharage ya jana. Onja. Onja, nakwambia! Mtu anapikia mahali asipokaa?"

Bwana Masha akaonja. Hakuthubutu kutoonja. Akatafuna, akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akasema, "Ni kizuri, mama. Lakini faili halitaki chungu, linataka neno. Wewe ndiwe mkubwa wake na mtu wa dini. Nitaandika utakalosema. Binti huyu anakaa wapi?"

Tata akatazama chumba. Aliona pazia la maua, pindo lake limenyooka. Aliona Biblia kwenye kigoda, na juu yake, ukutani, picha ya kaka yake ikitazama kitanda kile cha kipumbavu katikati ya nyumba. Mtu wa mkokoteni alichungulia mlangoni kuuliza aanze na nini.

"Anakaa hapa," Tata akasema.

Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili, jambo lile likawa limekwisha. Bwana Masha aliandika, akapiga mstari, akaweka saini, akasema idhini yenyewe ichukuliwe Ijumaa kwa jina la binti Wangu, na alipolitamka jina lile akajikaza asicheke, akatoka upesi.

"Mzigo gani nibebe?" mtu wa mkokoteni akauliza.

"Leo hakuna mzigo," Tata akamwambia. "Lakini suruali yako imechanika nyuma. Vua pale uani, utapewa kanga, fundi atakushonea."

Wangu alitaka kumshukuru, kikatoka kicheko, na ndani ya kicheko kikiwamo kilio. Tata alimwacha amalize. Kanze akachemsha chai. Suruali ikashonwa kwa mkono, kwa heshima ya usingizi wa Laban. Mwenye mkokoteni aliivaa, akashukuru, akaenda zake na mkokoteni wake mtupu. Kanze naye akaenda kuwapikia wanawe.

Walipobaki wawili, Tata alikalia ukingo wa kitanda cha kamba, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Hebu niambie," akasema bila kumtazama. "Ukiamka asubuhi hapa, unaanza na nini?"

"Chochote, Tata."

"Chochote?"

"Juzi nilikula ubuyu kitandani. Kabla ya kunawa."

Tata alijaribu kukunja uso. Mdomo ukakataa. "Mimi," akasema, kisha akasita, akatazama mlango kama vile kina mama wote wa kanisa walikuwa wamepanga mstari nje. "Nilitoka kwa baba yangu nikaenda kwa mume. Mume alipokufa ukaja wewe. Jumapili hii iliyopita nimetoka ibadani, nikaingia ndani, nikaita jina lako, kumbe hupo. Nikalia kidogo. Kisha, Wangu, sikupika."

"Hukupika? Jumapili?"

"Sikupika. Nilikula mkate na jemu. Kwa kijiko! Jemu, kwa kijiko, kutoka kwenye chupa. Kisha nikafungua redio hadi mwisho, nikavua viatu, nikalala kwenye kochi na nguo za kanisani." Sauti yake ilianza kutetemeka. "Na jioni... jioni nilisahau kufunga mlango."

Hapo wakacheka wote wawili. Wakacheka hadi chai ikamwagika, hadi kitanda cha kamba kikalia, hadi Laban akagonga ukuta, na kugonga kwake kukawazidishia. Tata akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cheupe, akasema, "Tunyamaze, mtu anaota treni huko," na ikabidi aegemee bega la Wangu.

Saa sita Tata aliinuka, akajinyoosha vazi, akasema pazia ni zuri ila lingekuwa refu kidogo. Wangu alimsindikiza hadi njiani. Alisimama pale akamtazama akienda, mwanamke mnene katika vazi jeupe, hatua zake hazina haraka. Penye njia panda Tata alisimama. Upande wa kulia ndiko kulikokuwa na soko, na nyuma ya soko nyumba yake. Akatazama kulia. Akatazama kushoto, ambako Wangu hakujua ana shughuli gani, wala hakuwahi kumwona akienda. Kisha Tata Jedida akabadilisha mkoba mkono, akashika njia ya kushoto.